Kutex Kwenye Spana za Shiru

Jumatatu, 4 Agosti

Kwanza salamu. Mwalimu wetu wa gumbaru, ile darasa ya watu wazima pale kanisani, alisema kuandika bila salamu ni kama kuingia nyumba ya watu bila kubisha. Hii si barua, haina wa kuisoma. Lakini mimi sijui kuanza vingine. Basi: Baba Shiru ni mzima, ila goti linamsumbua na hii baridi ya Molo. Cucu, mama yake, ni mzima, anakula vizuri, masikio ndiyo yamekataa. Sifa, ng'ombe yetu, ni mzima, na ndama wake pia. Kuku wapo, jogoo ameanza madharau. Shiru mtoto wangu, fundi wa malori, ni mzima huko Mai Mahiu, namshukuru Mungu. Mimi ninayeandika ni mzima, ni wasiwasi tu, na huo si ugonjwa mpya.

Leo nimetoka kupeleka maziwa nikakuta sanduku la Shiru limekaa mlangoni kama mgeni. Kiprop amelishusha, yule dereva wa lori ya viazi anayepitia Mai Mahiu. Sanduku la chuma, la kijani, zito kama mtu amelala ndani. Ndani ni spana zake zote. Sijui analitoa kazini kwa nini. Amepiga simu akasema, "Mami, iweke mbali na macho ya watu. Ufunguo uko kwa Kiprop, usipoteze." Nikasema sawa. Huko barabarani wezi wa vyuma ni wengi.

Nimeliweka chumbani kwetu. Baba Shiru amegonga kidole chake hapo mara moja tayari. Ametukana, akaomba msamaha kwa Mungu, akatukana tena.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechukua ufunguo kwa Kiprop, nikafungua sanduku. Nilitaka kuangalia tu.

Uchafu! Grisi, mchanga, na karibu kila chuma kina rangi nyekundu imemwagika pale pa kushikia. Mtoto wangu anafanya kazi ngumu jamani, hata nafasi ya kusafisha vyombo hana.

Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wa Dennis wanakuja kutoka Nakuru. Dennis ndiye kijana wa Shiru. Wanakuja kujua nyumbani tu, bado si mambo ya mahari. Lakini mtu hujulikana siku ya kwanza. Kwetu mgeni wa maana akija unatoa kilicho kizuri: vikombe vya mdomo wa dhahabu, vitambaa vya kusuka, sahani za kabati. Mimi nimeangalia kabati yangu nikaangalia lile sanduku. Kitu kizuri kabisa hapa nyumbani si vikombe.

Nimejua la kufanya. Sitamwambia Shiru. Iwe ajabu kwake pia.

Ijumaa, 8 Agosti

Viazi asubuhi, spana mchana. Mafuta ya taa na ile waya ya kusugulia sufuria. Nimesugua mpaka vidole vikauma. Ile rangi nyekundu ni ngumu, imeshika kama dhambi, lakini imetoka. Sasa zinang'aa hata unaweza kujiona meno.

Majina ninayajua machache. Spana, soketi, plaisi. Nyundo najua, hata Adamu aliijua. Halafu kuna paipu. Hiyo naijua kushinda zote. Ilikuwa ya geti ya boma ya ng'ombe yetu. Shiru ni mfupi kama mimi, na nati za gurudumu la lori hazijui huruma. Wanaume wa yadi, pale wanapotengeneza malori, walimcheka: msichana huyu atafungua nini, chupa ya soda? Akaja nyumbani, akakata paipu ya geti, akarudi. Anaingiza mkono wa spana ndani ya paipu inakuwa ndefu, anasimama juu yake kwa miguu miwili, nati inalia inafunguka. Siku hizi hao hao wanaume wanakuja kuomba hiyo paipu. Sifa alikaa na geti ya kamba msimu mzima. Hakulalamika.

Spana ya kwanza nilimnunulia mimi. Baba Shiru alisema afadhali cherehani. Mimi nilisema mtoto ameonyesha anapenda nini tangu akiwa mdogo, alikuwa anafungua redio ya Cucu. Aliifunga tena na ikaimba. Cucu husema iliimba vizuri kuliko mbeleni, na hiyo ni wakati alikuwa bado anasikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimezipaka mafuta ya kukamulia, yale tunapaka Sifa matiti. Kutu haitashika.

Wamama wa kanisa wamepita. Sikuweza kujizuia, nikawaonyesha. Nimepanga kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa, kama vijiko vya arusi, juu ya kitambaa cheupe. Mmoja akasema, "Mama Shiru, hii ni hospitali ama ni gereji?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nimefurahi vibaya. Nitalala na hiyo furaha kama chupa ya maji moto.

Jumanne, 12 Agosti

Shiru amepiga. Ameuliza sanduku liko sawa. Nikasema liko mbali na macho. Akauliza tena, liko wapi hasa. Nikasema chumbani, maitu, usijali. Yeye ana jina la mama yangu, ndiyo maana mimi humwita maitu, mama yangu.

Halafu akasema, "Sawa. Asante, Mami." Sauti ilikuwa ya mtu amebeba kitu.

Wasiwasi umenishika. Nikajiambia ni wageni tu. Mimi pia nikiolewa nilitapika.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba Shiru amepaka nyumba chokaa upande wa barabara tu. Goti limekataa upande ule mwingine. Nimemwambia wageni wataingia na kutoka upande huo huo mmoja, tutawashika mkono.

Shiru anafika kesho.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo siwezi.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisa. Nitaandika maana nikinyamaza kitanilipukia ndani.

Wageni walifika wanne: baba yake Dennis, mama yake, shangazi, na Dennis mwenyewe. Watu wazuri. Mama yake ni mpole, anavaa miwani, alisaidia hata kutoa sahani. Walikula mukimo, viazi vya kuponda, walikula kuku, yule jogoo. Shiru alikuwa amevaa rinda ya bluu. Mikono yake ameisugua na sukari na sabuni mpaka imekuwa laini, hakuna alama ya grisi hata kwa kucha. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu nilimzaa mimi kweli?

Sanduku nilikuwa nimeliweka juu ya meza ndogo ya pembeni, wazi, limefunikwa na kitambaa kikubwa. Shiru alifika usiku amechoka na asubuhi nilimweka jikoni. Hakuona kitu. Alidhani ni redio.

Baada ya chai mama yake Dennis akaanza kumsifu. Akasema wamefurahi kupata msichana wa ofisi, anayehesabu pesa kwa duka la spea, kazi safi, kazi ya kukaa. Mimi nikacheka. Nilidhani amechanganya. Nikasema, "Ofisi? Ngojeni niwaonyeshe ofisi yake."

Nilimwona Shiru. Mlangoni na birika mkononi, anatikisa kichwa. Nilimwona. Nikadhani ni haya ya msichana.

Nikatoa kitambaa.

Nilisema yote. Nilionyesha spana moja moja. Nilieleza paipu. Nilisimama kwa kiti kuonyesha vile anasimama juu ya spana kufungua lori. Kwa kiti! Mwanamke wa miaka yangu. Nilisema hakuna mwanaume Mai Mahiu anamshinda. Hakuna aliyekuwa anacheka, na bado sikusimama. Baba Shiru ndiye alinivuta sketi.

Baba yake Dennis alishika paipu, akaigeuza, akairudisha polepole. Dennis alikuwa anaangalia viatu vyake. Dennis alijua. Walijuana gari lake likiwa limemwaga maji barabarani na Shiru akiwa chini yake. Wote wawili ndio walipanga hii hadithi ya ofisi. Na huyo kijana hakusema hata neno moja. Hata "Mama, ngoja." Viatu tu.

Mama yake alikunja kitambaa chake cha mkono. Akasema bila kelele, "Mama Shiru, spana si mbaya. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Lakini sasa sijui ni nini kingine tumeambiwa." Akamaliza chai yake kwa heshima. Waliondoka jua likiwa juu.

Cucu aliuliza kwa sauti, "Wameenda? Na arusi ni lini?"

Shiru alibadilisha nguo. Nikamfuata nikamwambia maitu, sikujua. Kwa nini hukuniambia? Akasema alijua ningekataa kusema uongo, ndiyo maana akaleta sanduku tu lifichwe. Akasema ni siku moja tu, Mami, siku moja, baadaye angewaambia mwenyewe pole pole. Halafu akaniangalia kwa macho ya mama yangu kabisa. Akasema, "Ulikuwa unawaonyesha nani? Mimi ama wewe?"

Alitoka. Sanduku aliliacha hapo mezani limefunguka.

Jumanne, 19 Agosti

Simu yake imezimwa.

Nimekamua Sifa, amenipiga teke. Nilikuwa navuta vibaya. Hata ng'ombe imejua.

Nilikuwa nawaonyesha nani? Nimejiuliza kwa shamba, nimejiuliza kwa kisima. Mimi niliacha shule nikiwa bado sijaelewa hesabu za kugawa. Watoto wa watu wana masomo, wana kuta zimejaa picha za kofia nyeusi. Mimi nina spana. Nilitaka mama mwenye miwani aone na mimi nilitoa mtu. Huo ndio ukweli na unaniuma kama jino.

Jumatano, 20 Agosti

Imezimwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Kiprop amekuja kupakia viazi. Nimemwita ndani nikampa uji. Alikula kwanza. Watu wakileta habari mbaya hula kwanza.

Dennis alimtumia Shiru ujumbe Jumatatu, kabla hajazima simu. Kwamba nyumbani kwao kumekuwa kugumu, wangojee kidogo. Shiru hakujibu. Amerudi yadi, anafanya kazi na spana za kuomba. Kiprop anasema wale wanaume humpa lakini lazima kwanza wamtafune: "Madam wa ofisi leo anaomba spana? Jaza fomu!" Yeye huchukua, hafungui mdomo. Hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza, huyo. Alikuwa anawarudishia mbili kwa moja.

Nikamwambia Kiprop basi ampelekee sanduku. Akalifungua kuangalia. Akasimama.

"Mathe, kutex iko wapi?"

Nikasema kutex gani. Akasema ile nyekundu. Nikamwambia ule uchafu wa rangi? Niliusugua wote.

Alikaa chini tena. Kumbe kila fundi ana alama yake kwa yadi. Mmoja anafunga waya, mwingine anapaka rangi ya ukuta. Spana zote ni ndugu, bila alama ikipotea umeiaga. Shiru alichagua kutex, rangi ya kupaka kucha, kwa sababu hakuna mwanaume atakubali kushikwa na spana imepakwa kutex. Watamcheka mpaka Naivasha. Kwa yadi nzima ni za Shiru peke yake haziibiwi.

"Zikirudi hivi, mathe, kufikia jioni zimegawanywa kama mandazi."

Nimemwambia apite Jumatatu.

Aliponiacha nimelia kwa nguvu nikiwa nimeshika soketi. Nilimvua nguo mbele ya watu. Halafu kumbe nilikuwa nimeshamfuta na jina.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeenda Molo sokoni. Sijawahi kununua kutex maisha yangu yote. Msichana wa kibanda alinitolea chupa nyingi, nyekundu kumbe ni nyingi hivyo! Nyekundu ya damu, ya nyanya, ya matofali. Nikafumba macho nikajaribu kukumbuka ile niliyosugua. Ile nilisugua ilikuwa ya nyanya. Msichana akacheka, "Mathe, leo mzee atakukimbia!" Nikacheka pia kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.

Nimepaka tangu mchana mpaka kuku walipoingia. Kwanza nilifuta yale mafuta ya matiti, kutex haikai juu ya mafuta. Baba Shiru alikuwa ananishikia. Hakusema cherehani. Mkono wangu ni wa jembe, si wa brashi. Zingine alama imekuwa kama mdudu amekufa hapo. Brashi ikijaa nilikuwa naipangusia kwa ukucha wa kidole gumba. Sasa nina ukucha mmoja mwekundu, kama mama wa mjini aliyeitwa katikati ya kazi.

Jumapili, 24 Agosti

Nimetoa vitambaa vyote sandukuni. Nimejaribu kukumbuka vile Shiru alikuwa amepanga. Sikumbuki. Mimi nilipanga za kuonekana. Yeye alikuwa amepanga za kushikwa, ile ya kazi nyingi juu. Lakini ni gani ya kazi nyingi? Sijui. Nimeziweka tu, paipu juu ya zote. Hiyo najua.

Nilitaka kuweka barua. Nimeandika "Maitu" nikashindwa. Nimeweka chupa ya kutex iliyobaki.

Jumatatu, 25 Agosti

Kiprop amebeba. Baba Shiru alimsaidia kuinua na goti lake hilo hilo. Amelifunika na gunia ya viazi, nilimwomba. Mbali na macho ya watu.

Alhamisi, 28 Agosti

Kiprop amerudi. Nilimkimbilia barabarani na gamboti miguuni, sikungoja uji.

Amesema alimkuta Shiru chini ya trela. Akamwambia kuna mzigo wako. Alitoka, akafungua, akaangalia muda mrefu. Akachukua moja akanusa. Kumbe harufu ya Sifa bado iko. Akauliza, "Nani amepaka?" Kiprop akasema hajui, aliambiwa tu alete. Nilimwuliza kwa nini umedanganya. Akasema, "Mathe, alikuwa anajua. Alikuwa anauliza tu."

Halafu akatandaza gunia chini. Akamwaga zote. Akaanza kupanga upya moja moja, kwa mpango wake. Fundi mmoja mkubwa mwenye mdomo akapita akasema, "Madam amefungua saluni?" Shiru akamjibu bila kuinua kichwa, "Kaa foleni, na unawe mikono kwanza." Yadi yote ikacheka.

Nimemfanya Kiprop arudie hapo mara mbili.

Zile alama zangu mbaya, alikaa akazipitia tena na ile chupa. Alizitengeneza vizuri.

Nikauliza, na mimi? Alisema nini kuhusu mimi?

Kiprop aliangalia matairi yake. "Hakusema kitu, mathe," akaniambia.

Jumapili, 31 Agosti

Simu yake imefunguliwa. Inalia mpaka mwisho. Haichukuliwi.

Inalia kumbe ni afadhali kuliko kuzimwa. Sikujua mtu anaweza kufurahia hiyo.

Jumapili, 7 Septemba

Mvua kidogo. Viazi vimeisha shambani. Baba Shiru amepaka chokaa upande ule mwingine wa nyumba. Sijui ni kwa ajili ya wageni gani, sikumwuliza. Cucu ni mzima. Sifa ni mzima, maziwa yamepungua. Pale sanduku lilikaa chumbani sakafu imebaki na alama ya kutu, pembe nne. Nimepiga deki kuizunguka.

Yule jogoo hayuko, kwa hivyo asubuhi inakuja kimya.

Ile kutex ya kidole gumba haijatoka. Sikuisugua. Ila ukucha unakua, na yenyewe inasogea kwenda mbele. Kwa chini kumebaki peupe. Ninapokamua naiona ikipanda na kushuka. Punde itafika mwisho, nitaikata na kisu kama ukucha mwingine wowote.

Maitu, hutasoma hii. Usije kama hutaki. Usinisamehe kabla hujawa tayari. Lakini nitumie neno, lolote, na Kiprop ama na simu. Hata uniflashi tu, ilie mara moja ukate, nitajua ni wewe. Na ufanye haraka, kabla haijafika mwisho wa ukucha.